Usidanganywe na Megapikseli: Kamera ya Jijini ni Mwanga na Mfuko

Nimepotea kidogo. Kazi ya kuwaandikia watu programu imenila wiki mbili nzima. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kooni kwa muda mrefu, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa sababu nilisomea sayansi ya kompyuta, watu hudhani najua kila kitu chenye betri. Runinga ikikataa kuwaka, naitwa. Redio ya shangazi ikikohoa, naitwa. Lakini swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu kazini ni hili: "Nina kakamera kadogo ka kubofya tu. Nataka kitu bora zaidi, nipige picha nzuri za mjini nikienda na kurudi kazini. Ninunue gani?"

Kabla sijafungua mdomo, huyo anayeuliza ameshapewa majibu mawili. La kwanza ni la muuza duka: "Chukua hii hapa, megapikseli 20, zumu mara 30, bei ni ya kuongea." La pili ni la yule jamaa mjuaji ambaye hakosi katika kila ofisi: "Achana na vitoto. Nunua kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, uwe mpiga picha wa kweli."

Mimi nasema majibu yote mawili ni mabaya. Nasema hivyo kwa sababu niliyafuata yote mawili, moja baada ya jingine. Nililipa kwa pesa yangu, na nikalipa kwa kitu kingine ambacho pesa hairudishi.

Ngoja niwasimulie.

Karibu na kituo ninapopandia matatu, kwenye kichochoro kinachotokea Tom Mboya, palikuwa na mzee fundi wa viatu. Alikaa pale kuliko maduka mengi yaliyomzunguka. Mimi alinishonea viatu vyangu vya mahafali, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine ila "Kijana wa Kompyuta." Jioni moja nilimwomba nimpige picha. Akavua kofia, akapangusa uso, akakaa wima na nyundo mkononi. Nikabofya. Kamera yangu ilikuwa ya megapikseli 16, nami nilijiona nimefika.

Miezi michache baadaye mzee akafariki. Kijana wake akanitafuta: "Kaka, nasikia wewe una picha ya mzee. Tunataka ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi, na nyingine kubwa ya kuweka kando ya jeneza. Hizi tulizo nazo ni za kitambulisho tu." Nikafungua tarakilishi, nikaikuza ile picha. Jamani! Uso ulikuwa uji. Makunyanzi yote yamefutika, macho ni madoa mawili, ndevu ni kama pamba iliyonyeshewa. Mtu wa kuchapisha akaitazama akatikisa kichwa. Tukazika tukiwa na picha ya kitambulisho.

Megapikseli 16! Zilikwenda wapi?

Hapa ndipo elimu yangu iliponisaidia, ingawa kwa kuchelewa. Nilikaa chini nikasoma jinsi kamera inavyofanya kazi, kama ninavyosoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine nikitafuta kosa. Kosa si gumu kuliona.

Ndani ya kila kamera ya dijitali kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga (wengine hukiita sensa, lakini si ile ya kuhesabu watu). Katika kamera nyingi ndogo za kubofya, kihisi hicho kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi. Eneo lake lote ni milimita za mraba 28. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo. Juu ya ukucha huo wamepanga vijumba milioni 16 au 20 vya kupokea mwanga. Kila kijumba kina upana wa mikroni moja na kitu.

Sasa mwanga ni kama mvua. Hauji kwa mpangilio, huja kwa matone, na hesabu yake huyumbayumba. Kijumba kikipokea matone 10,000, kuyumba kwake ni kama 100, yaani asilimia 1. Huoni kitu. Kikipokea matone 100 tu, kuyumba ni 10, yaani asilimia 10. Hapo ndipo picha hujaa chembechembe kama mchanga. Halafu programu iliyo ndani ya kamera huziona zile chembechembe, ikajaribu kuzifuta, na ikifuta hufuta pamoja na makunyanzi ya mzee. Haijui tofauti. Mimi huandika programu, na ningeandika ile ningekumbana na tatizo lilelile. Kitu ambacho hakikuingia kwenye lenzi hakiwezi kuletwa na msimbo.

Kuna na jambo jingine ambalo muuza duka hatakwambia. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, hata lenzi iwe safi namna gani. Kwenye tundu la f/6.3, nukta moja ya mwanga inatua kwenye kihisi ikiwa duara lenye kipenyo cha mikroni 8 na nusu hivi. Kijumba chako kina mikroni 1.2. Yaani nukta moja imetapakaa kwenye vijumba saba kwa upana! Unauziwa vijumba milioni 20 na fizikia yenyewe inakunyang'anya sehemu kubwa ya hizo milioni kabla picha haijahifadhiwa. Na skrini nyingi za kompyuta tunazotazamia picha zina pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni kama milioni 2. Hizo nyingine zilikuwa za kupamba boksi.

Na zumu je? Zumu mara 30 ni starehe ya kuchungulia ndege mbugani mchana. Lenzi hizo ndogo zikivutwa hadi mwisho, tundu lao huwa f/6 au f/7. Ukilinganisha na f/3.2 ya mwanzo, mwanga umepungua kati ya mara tatu na nusu na karibu mara tano. Hiyo ndiyo zawadi wanayokupa kwa pesa yako: kamera inayoona mbali gizani, ikaona giza.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo majarida ya kamera ya Ulaya hayatusaidii. Nairobi iko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na likizama halisubiri. Hatuna zile jioni ndefu za Uingereza za mwezi wa Juni ambapo mtu hupiga picha hadi usiku. Mfanyakazi wa kawaida anatoka ofisini saa kumi na moja, foleni inamkamata, na akifika mahali penye watu na maisha, mwanga umekwisha. Mchana nako jua liko utosini, na sisi tuko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Anga ni jeupe, kivuli ni cheusi tii.

Na katikati ya hayo kuna nyuso zetu. Kipimo cha mwanga katika kamera hubuni kwamba dunia yote, ukiichanganya, ni ya rangi ya kijivu cha wastani. Mweke Mkenya mweusi mbele ya anga jeupe, kamera itaona anga, ipunguze mwanga, na uso wa mwenzako utageuka kivuli. Kwenye kihisi kikubwa chenye kuhifadhi RAW utauinua ule uso baadaye kwenye tarakilishi. Kwenye kihisi cha ukucha kinachotoa JPEG tu, ukiinua utakuta mchanga na madoa. JPEG inakupa ngazi 256 za kila rangi, RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Kwa wenzangu waandika programu: JPEG ni programu iliyokwisha kukusanywa, RAW ni msimbo wake asilia. Nani kati yenu angekubali kukarabati mfumo bila kupewa msimbo asilia?

Kwa hiyo mtu akikwambia nyuso zetu "hazitoki vizuri kwenye picha," usikubali hata siku moja. Kosa ni la kifaa na la mipango yake.

Basi baada ya yale mazishi nikakasirika. Nikamkimbilia yule jamaa mjuaji. Nikajinyima miezi kadhaa, nikanunua kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, na lenzi ile inayokuja nayo kwenye boksi, na begi lake la mgongoni. Nilipiga picha nzuri sana. Za sebuleni. Za paka. Za harusi ya binamu.

Mjini je? Sikiliza. Kuibeba kila siku ilikuwa kama kubeba tofali. Ukiitoa Tom Mboya, watu wanageuka, wengine wanafunika uso, mwingine anadai malipo, na mwingine anaipigia mahesabu yake kimyakimya. Ukisimama mbele ya jengo lolote refu, askari wa mlangoni anakuja mbio: "Wewe! Nani kakupa ruhusa?" Simu elfu moja zinapiga picha jengo hilohilo pembeni yake, lakini anayeulizwa ni mwenye lenzi kubwa. Wiki ya kwanza nilienda nayo kila siku, wiki ya pili siku mbili. Mwezi wa tatu ikawa mkaaji wa kudumu wa kabati.

Asubuhi moja nikashuka kwenye matatu nikakuta kile kichochoro kinasafishwa. Vibanda vyote vinang'olewa. Kibanda cha mzee, ambacho kijana wake alikuwa amekirithi, kilikuwa kimelala chini, na kijana anaokota nyundo na kalibu za babake moja moja anazitia kwenye gunia. Akaniona. Hakuomba kitu, aliniambia tu, "Kaka, ungepiga hata moja." Kamera ilikuwa kabatini nyumbani. Hata ile ndogo ya zamani nilikuwa nimeshampa mdogo wangu.

Ndiyo maana nina hasira na hawa washauri wawili. Mmoja alininyima uso, mwingine alininyima siku.

Na uchungu zaidi ni kwamba ile kamera kubwa, na lenzi yake ya boksi, haikuwa na nguvu nilizodhani. Chukua kikokotoo tufanye hesabu. Mwanga wote unaofika kwenye kihisi, kwa muda uleule na upana wa picha uleule, unakwenda na eneo la kihisi ukiligawanya kwa ile namba ya f iliyozidishwa kwa yenyewe. Kamera yangu ya kwanza: 28 ukigawanya kwa 3.2 mara 3.2, unapata kama 2.7. Kamera kubwa yenye kihisi cha APS-C, karibu milimita za mraba 370, na lenzi ya boksi inayoanzia f/3.5: unapata 30. Ni kama mara 11 ya kwanza. Vizuri.

Sasa chukua kamera ya mfukoni kama Sony RX100 iliyotoka 2012. Kihisi chake kinaitwa cha "inchi 1" (jina la uongo, ni milimita 13.2 kwa 8.8), eneo 116. Lenzi inaanzia f/1.8. Hesabu inatoa karibu 36. Umeona? Kitu kinachoingia kwenye mfuko wa suruali kimeipita ile tofali! Ricoh GR ya 2013, ambayo nayo inaingia mfukoni, ina kihisi cha APS-C na lenzi moja isiyo na zumu, f/2.8. Inatoa 47. Mwili mdogo wa Micro Four Thirds wenye lenzi ya Panasonic ya milimita 20 f/1.7 iliyotoka 2009 unatoa karibu 78, na unaingia mfuko wa koti.

Nisije nikaitwa mwongo: ukivuta zumu ya ile RX100 hadi mwisho, tundu linashuka hadi f/4.9, na hapo kamera kubwa inaishinda. Na ukiinunulia kamera kubwa lenzi ya f/1.8, itawapita wote. Hilo ni kweli. Lakini itawapita ikiwa kabatini.

Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alikuwa na uwezo wa kubeba kamera yoyote ile. Sehemu kubwa ya kazi yake alitumia Leica ndogo na lenzi moja ya milimita 50, na akazibandika utepe mweusi sehemu zake zinazong'aa ili watu wasiishtukie. Jamaa mjuaji wa ofisi yetu hajawahi kulieleza hilo.

Najua mwingine ameshaanza kunisuta: "Na simu je?" Swali zuri, na nitalijibu kwa haki. Simu nzuri ya leo inaishinda kamera ndogo ya kubofya, tena vibaya. Inapiga fremu kadhaa kwa haraka, inazipanga, inazijumlisha, na chembechembe zinapungua. Ni uhandisi wa programu wa kuvuliwa kofia. Kamera za dijitali zilizosafirishwa na watengenezaji zilizidi milioni 120 duniani mwaka 2010, na mwaka 2023 hazikufika milioni 10. Simu ndiyo iliyozimeza. Kwa hiyo kama una simu ya aina hiyo, usiongeze kamera yenye kihisi cha ukucha. Na nyinyi vijana mnaogombania zile za zamani kwa bei ya kuruka kwa sababu zina "sura ya kale," mnauziwa uji niliokuwa nao mimi.

Lakini simu ina mipaka. Watu wanaotembea hawatulii wakati fremu zinajumlishwa. Uso hulainishwa bila kuulizwa. Na simu ndiyo M-Pesa yako, kazi yako na namba za watu wako wote. Kuinyoosha juu kwenye umati wa jioni ni kumwita mnyakuzi kwa jina. Kamera ikiibwa ni huzuni, lakini simu ikiibwa ni wiki nzima ya kukimbizana na laini na benki.

Haya, tumalize kwa vitendo. Ukienda dukani, au kwa anayeuza mtumba, usiulize megapikseli. Fanya haya:

Moja. Vaa suruali unayovaa kazini. Kamera isipoingia mfukoni, mrudishie.

Mbili. Soma maandishi kwenye lenzi. Namba ya kwanza baada ya 1: iwe 2.8 au chini yake. Ikiwa 3.5, shukuru na uondoke.

Tatu. Uliza ukubwa wa kihisi. "Inchi 1" ndiyo sakafu. Chini ya hapo baki na simu.

Nne. Hakikisha inahifadhi RAW.

Tano. Kama ni ya mtumba, weka tundu dogo kabisa kisha upige ukuta mweupe. Madoa yakionekana mahali palepale kila picha, vumbi limeingia kwenye kihisi, na kamera hizi za lenzi isiyotoka si rahisi kusafisha. Mulika lenzi kwa tochi utafute ukungu, hasa kama imetoka pwani. Chaji betri yake mbele yako. Muuzaji akikataa lolote kati ya haya, amekwisha kukujibu.

Na ukishainunua, jioni mjini weka shata 1/100. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100. Ukifuata mdundo huo utaepuka mistari ya ajabu kwenye picha za madukani. Halafu omba ruhusa. "Habari ya jioni, Mama, naomba nikupige picha" haimgharimu mtu kitu.

Mimi sasa nina kamera moja, ndogo, nyeusi, ya mtumba. Iko mfukoni ninapoandika haya. Ile kubwa niliiuza kwa hasara, na siilii. Kijana wa mzee alipata kona nyingine kule chini karibu na River Road. Juzi nilimkuta saa moja usiku anashona kiatu kwa mwanga wa taa ya duka la jirani. Nikamwomba. Akavua kofia kama babake. Nimeichapisha picha hiyo kwa karatasi kubwa, na kila kitu kinaonekana: uzi, nyundo, hata kovu dogo kwenye kidevu. Kesho nampelekea nakala yake.

Tuonane wiki ijayo.